Je, Mbeya inaweza kujitengenezea teknetiamu kwa mashine ya elektroni?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia Tukuyu. Mwaka jana mama yangu alipewa rufaa kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya mifupa, akakaa siku nne anasubiri kwa sababu dawa ya mionzi ilikuwa haijafika. Nimesoma kwamba dawa hiyo siku hizi inaweza kutengenezwa kwa mashine inayoharakisha elektroni, bila urani na bila kinu cha nyuklia. Nasikia pia mashine za kutibu saratani kwa mionzi ni za elektroni hizo hizo. Kwa nini basi tusiitengeneze hapa Mbeya? Na wanafunzi wangu wanauliza: urani ya Namtumbo haitusaidii katika hili?

Jibu: Ndaga fijo, Mwalimu, na pole kwa mama. Siku nne za kusubiri ukiwa ugenini na unaumwa ni nyingi mno. Nimewaona wazee wengi kwenye benchi la aina hiyo, na swali lako nimelichukua kwa uzito wake.

Kwa kanuni za fizikia, inawezekana. Hilo halina ubishi, na nitakueleza namna yake. Lakini ukiniuliza shilingi ya kwanza ya Nyanda za Juu Kusini iende wapi, sitakuambia iende kwenye mashine ya elektroni, na sababu zangu zinaanzia kwenye dawa yenyewe.

Kilichokuwa hakijafika siku zile, kwa uwezekano mkubwa, ni teknetiamu-99m. Ndiyo inayobeba takriban asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani. Inatoa miali ya gama ya elektronivolti elfu 140 (elektronivolti ni kipimo cha nishati), inayotosha kutoka mwilini na kuonekana kwenye kamera bila kumbebesha mgonjwa mionzi mingi. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuyeyuka, ni saa 6. Ukiipakia kwenye basi Dar es Salaam alfajiri, ikapita Mikumi, ikapanda Kitonga, ikaja mpaka Uyole kwa saa 13, itakuwa imebaki chini ya robo. Ndiyo maana hatuisafirishi yenyewe. Tunasafirisha mzazi wake, molibdeni-99 (namba hiyo ni uzito wa kiini cha atomi), ambaye nusu uhai wake ni saa 66. Kwa safari ile ile anapoteza asilimia 13 tu.

Mzazi huyo anakuja ndani ya jenereta. Usifikirie jenereta ya dizeli. Hii ni kopo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu tumbo lake lote ni risasi. Katikati kuna kibomba cha kioo, chembamba, kilichojazwa unga mweupe wa oksidi ya alumini, na molibdeni imegandamana na unga huo. Juu zinatokeza sindano mbili. Asubuhi unachomeka kichupa cha maji ya chumvi, yale yale ya dripu, kwenye sindano ya kwanza, na kichupa kitupu kilichonyonywa hewa kwenye ya pili, kikiwa ndani ya gamba lake la risasi. Maji yananyonywa kupita kwenye unga, kichupa cha pili kinaanza kutoa mapovu, na baada ya dakika chache una teknetiamu mkononi. Molibdeni inabaki imeng'ang'ania unga. Kabla mgonjwa yeyote hajachomwa tunapima kama kuna molibdeni iliyoponyoka. Kiwango kinachotumika Marekani ni kisichozidi kilobekereli 0.15 za molibdeni kwa kila megabekereli 1 ya teknetiamu; bekereli ni kipimo cha nguvu ya mionzi.

Sisi kazi hii tunaiita kukamua, na mtu wa Rungwe, kwenye ng'ombe wa maziwa, hahitaji kuelezwa kwa nini. Ukikamua alfajiri, kesho alfajiri kiwele kimejaa tena. Ukirudi mchana, baada ya saa 6, unapata karibu nusu. Tofauti yake na ng'ombe ni kwamba huyu anazeeka kwa saa. Jenereta ya gigabekereli 20 Jumatatu hii, Jumatatu ijayo ni gigabekereli 3.4.

Nakumbuka jenereta moja iliyotua uwanja wa ndege Ijumaa jioni. Karatasi moja ilikuwa na kasoro, na ofisi iliyotakiwa kuirekebisha ilikuwa imefungwa. Iliruhusiwa kutoka Jumatatu saa nne asubuhi. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni karibu saa 66, kwa hiyo tulipoifungua, nusu nzima ilikuwa imeshayeyuka bila kuonwa na mgonjwa hata mmoja. Siku hiyo nililazimika kuchagua nani apimwe na nani arudi kesho. Bibi mmoja kutoka Njombe, amejifunga blanketi lake joto lote lile la Dar es Salaam, aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo dawa imeoza?" Sikupata neno bora kuliko lake.

Molibdeni yenyewe hutoka wapi? Sehemu kubwa ya dunia inaipata kwa kupasua urani-235 ndani ya vinu vya nyuklia. Katika kila atomi 100 zinazopasuka, takriban 6 huzaa molibdeni-99. Vinu vya kazi hiyo ni vichache na vingi ni vizee. SAFARI-1 ya Pelindaba, Afrika Kusini, mmoja wa wazalishaji wakubwa duniani, imekuwa ikifanya kazi tangu 1965. Mei 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilivuja kikazimwa hadi Agosti 2010, na katikati ya mwaka huo huo wa 2010 kile cha Petten, Uholanzi, nacho kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo. Hospitali za nchi tajiri kabisa zikafuta miadi ya wagonjwa. Hapo ndipo watu wengi walipoanza kuitazama upya njia ya elektroni.

Waambie wanafunzi kuhusu Namtumbo hivi: ile ni urani ya asili, na ndani yake urani-235 haifiki hata asilimia 1, ni asilimia 0.7. Kutoka udongo wa Mto Mkuju, huko Namtumbo, mpaka kichupa cha hospitali kuna kusafisha, kurutubisha (kuongeza sehemu ya urani-235), kutengeneza vibamba vya urani, kuwa na kinu, kisha kuwa na maabara ya kuyeyusha vibamba vyenye mionzi mikali nyuma ya kuta nene. Kuchimba ni hatua ya kwanza, na kwa shida ya mama yako haipunguzi hata saa moja.

Sasa njia ya elektroni. Umewahi kuteremka Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo, ukasikia harufu ya breki zinazoungua? Mwendo ule haukupotea, umegeuka joto. Elektroni inayokwenda karibu na kasi ya mwanga ikigonga kibamba cha tungsteni inafungiwa breki hivyo hivyo, na nishati yake inatoka kwa namna mbili: sehemu inakuwa joto, sehemu inatoka kama fotoni, yaani chembe za mwanga, zenye nguvu kubwa. Fotoni hizo ndizo tunazozitaka. Zikigonga atomi ya molibdeni-100, moja ikaingia sawasawa kwenye kiini, kiini kinatikisika na kutema nyutroni moja. 100 kutoa 1, unabaki na molibdeni-99. Hakuna kilichopasuka, hakuna taka za urani, na ukizima swichi uzalishaji unasimama papo hapo.

Kiini hakitemi nyutroni kwa fotoni yoyote tu. Inahitajika nishati ya elektronivolti milioni 8.3 kwenda juu, na kinaitikia vizuri zaidi kwenye milioni 14 hivi. Kwa kuwa breki zinatoa fotoni za kila kiwango, nyingi zikiwa dhaifu, ili kupata za kutosha hapo kwenye 14 elektroni zenyewe hurushwa kwa milioni 35 hadi 40.

Hapo ndipo linapokuja jibu la mashine ya kutibu saratani. Ndugu yake ni kweli, lakini mdogo sana. Ya hospitali hutumia elektroni za milioni 6, nyingine zinafika 18 au zaidi kidogo, na nguvu ya miali yake haifiki kilowati moja. Viharakishi, yaani mashine za kuharakisha chembe, vya kuzalisha isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) vinahitaji zaidi ya mara mia ya hapo. Ukiweka kipande cha molibdeni mbele ya mashine ya milioni 18 usiku kucha utapata molibdeni-99 ya kuonyesha darasani, si ya kupima mgonjwa, na utakuwa umechosha mashine ambayo kuna mtu anaisubiri asubuhi.

Kuna jambo la historia hapa ambalo wanafunzi wako watalipenda. Teknetiamu, elementi namba 43, iligunduliwa 1937 huko Palermo, Italia, na Emilio Segrè na Carlo Perrier, ndani ya kipande cha molibdeni kilichokuwa kimepigwa na miali kwenye kiharakishi cha Berkeley, Marekani. Kiharakishi kile hakikuwa cha elektroni, lakini cha kukumbuka ni kwamba elementi hii ilionekana mara ya kwanza ndani ya molibdeni iliyotoka kwenye mashine, kabla dunia haijawa na kinu hata kimoja cha nyuklia.

Basi ugumu uko wapi? Wengi hudhani uko kwenye mashine. Naomba utulie nami hapa kidogo, maana ndipo mradi unapofia au kupona.

Chukua sufuria ya kande. Ukitaka maharage peke yake, unayatoa. Ni kazi, lakini macho yanaona haya ni maharage na haya ni mahindi. Molibdeni inayotoka kwenye urani iliyopasuka iko hivyo: molibdeni ni elementi moja na urani ni nyingine, kemia inazitofautisha, unaitoa molibdeni ikiwa na mionzi mikali sana kwa kila gramu. Sasa chukua gunia la mahindi matupu, halafu niambie nitoe punje fulani chache zilizopungua uzito kidogo tu kuliko wenzao. Hiyo ndiyo molibdeni ya kiharakishi. Ulianza na molibdeni, ukamaliza na molibdeni. Kemia haijui kupima uzito wa kiini, inajua aina ya elementi, kwa hiyo 99 zako chache zinabaki zimezama ndani ya bahari ya 100 ambazo hazikuguswa.

Athari yake inaonekana kwenye kile kibomba cha kioo. Unga wa oksidi ya alumini unashika molibdeni kwa kipimo maalumu, na haujali kama ina mionzi au haina. Kwenye jenereta ya kawaida nafasi hiyo inatosha, kwa sababu molibdeni kidogo tu ina nguvu nyingi. Ukileta ya kiharakishi, ambayo kwa kila gramu ni dhaifu mamia ya mara na zaidi, nafasi inajaa punje zisizo na kazi. Utahitaji kibomba kikubwa mno, na teknetiamu itatoka imechuja kama chai iliyoongezwa maji mara tatu.

Ufumbuzi upo, na ni wa akili sana: geuza mambo. Badala ya kushika molibdeni na kuachia teknetiamu, acha molibdeni iwe kimiminika, ipitishe kwenye kibomba kinachoshika teknetiamu, kisha ioshe teknetiamu utoke nayo na umrudishe mzazi kwenye chupa asubiri kesho. Kampuni ya NorthStar ya Beloit, jimbo la Wisconsin, ilitengeneza mtambo wa namna hiyo, na Februari 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuidhinisha. Ikaenda mbali zaidi, ikaleta kutoka Ubelgiji viharakishi vya elektroni vya milioni 40 vyenye nguvu ya miali ya kilowati 125. Yaani fizikia ilifanya kazi, kemia ilifanya kazi, kibali cha mtambo kilipatikana. Mwaka 2023 ikatangaza kuacha biashara ya molibdeni. Biashara haikulipa, wakati bei ya soko inapangwa na molibdeni ya vinu ambavyo vingi vilijengwa zamani kwa fedha za serikali.

Habari hiyo iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeiwekea matumaini makubwa. Lakini lazima tuisome vizuri. Kama Beloit, yenye soko la Marekani mlangoni, haikuweza kujilipa, kiwanda chetu kitajilipa kwa hospitali ngapi? Kamera moja inayopima wagonjwa 10 kwa siku inaridhika na jenereta moja kwa wiki. Kiharakishi cha ukubwa ule kinaweza kulisha makumi ya hospitali. Kwa hiyo kama kitajengwa hapa, kiwe cha nchi kadhaa kwa pamoja, tukiuza Zambia na Malawi na kwingineko, na kila mpaka uwe unajua kwamba kopo hili halilali forodhani.

Mahitaji mengine nitayapitia haraka. Molibdeni ya asili ina 100 chini ya asilimia 10. Utahitaji iliyorutubishwa mpaka zaidi ya asilimia 95, nayo ni ghali kiasi kwamba kila gramu iliyotumika husafishwa irudi kazini. Umeme hauwezi kuwa wa kubahatisha, kwa sababu vibamba vya molibdeni hupigwa mfululizo siku sita au saba: kwa siku sita unafikia asilimia 78 ya kiwango cha juu kabisa, na kila saa ambayo gridi imelala, ulichokwisha kupata kinaendelea kuyeyuka. Umeme wenyewe si mwingi ukilinganisha na megawati 180 za mitambo ya maji ya Kihansi. Tatizo ni kutokatika kwake. Na joto: vibamba vya Beloit vilikuwa vyembamba, vilipangwa kwa safu, vilipozwa kwa gesi ya heliamu iliyopulizwa kwa shinikizo kubwa. Unaposikia habari za heliamu ya bonde la Rukwa, matumizi mojawapo ni hayo. Si kwamba gesi hiyo peke yake inatupa sababu ya kujenga, ila ni vyema vijana wajue.

Ningefanya nini, basi? Ningeanza upande wa pili wa mnyororo. Kamera ya gama moja Mbeya, chumba chenye kuta stahiki, mfamasia mmoja aliyesomea dawa za mionzi, mwanafizikia mmoja, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomi, na jenereta moja inayoshuka na ndege uwanja wa Songwe kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Hilo lingemwondolea mama yako kilomita zaidi ya 800 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi. Jenereta iliyotengenezwa popote duniani ikifika kwa wakati inafanya kazi sawa na iliyotengenezwa Iwambi, hapa hapa Mbeya. Lakini molibdeni ikizalishwa Iwambi pasipo kamera wala mfamasia itakufa palepale, kama ile ya Ijumaa jioni.

Na kazi ya kuanzia ipo. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu miaka mingi, kabla chumvi yenye madini joto haijasambaa, na wazee wenye tezi za shingo bado wapo. Skani ya tezi hiyo ndiyo rahisi kuliko zote: tezi inaidhania teknetiamu kuwa ni madini joto, inaivuta yenyewe. Unakamua, unapima usafi, unachoma, dakika 20 baadaye picha ipo. Hata dawa ya kuchanganyia huhitaji.

Pamoja na hayo, usiwakatishe tamaa wanafunzi kuhusu elektroni. Naona mustakabali wake zaidi kwenye isotopu za kutibu kuliko kwenye molibdeni. Fotoni ikigonga zinki-68 na kutoa protoni badala ya nyutroni, unapata shaba-67, yenye nusu uhai wa saa 62 hivi. Tazama kilichotokea: zinki imekuwa shaba. Tumerudi kwenye kande, mahindi na maharage, na kemia inaweza kutenganisha. Au ipige radiamu-226 itoke nyutroni moja, upate radiamu-225, ambayo yenyewe inageuka aktiniamu-225, na aktiniamu unaichuja ikiwa safi. Zote mbili zinafanyiwa kazi sasa kwa ajili ya saratani zilizosambaa. Dozi zake ni ndogo, thamani yake ni kubwa, na aktiniamu ina nusu uhai wa siku 10, inayovumilia safari ndefu. Kama siku moja kijana wa Tukuyu atasimama mbele ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya akitetea kiharakishi, ningependa atetee hicho, na aje na jina la mkemia wa kufanya naye kazi.

Kuhusu mama: akipangiwa kipimo tena, msimkatie tiketi kwanza. Pigeni simu kitengo cha tiba ya nyuklia, muulize jenereta inatarajiwa siku gani, na muombe apangiwe siku inayofuata, ikiwa mpya. Siku ya kipimo atachomwa sindano kisha atasubiri saa mbili hadi nne ili dawa ishike mifupa. Anywe maji mengi, aende haja ndogo mara kwa mara, na mbebeeni kitu cha kujifunika, maana chumba cha kamera kina baridi kama ya Uporoto.